Bango Lisilo na Kitenzi: Uhakiki wa Maandishi ya Njiani, Segese

Sheria ndogo ya halmashauri haizaliwi mpaka itangazwe. Madiwani huijadili, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiidhinisha, lakini nguvu huipata pale inapochapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba. Na jina inalopewa huko ni Tangazo la Serikali. Kwa hiyo sheria inayodhibiti matangazo ni tangazo nayo. Baina yake na karatasi ya mgombea iliyogandishwa kwa uji wa unga kwenye ukuta wa duka la nafaka, asili ni moja: yote mawili ni maneno yaliyowekwa hadharani ili yasomwe na mtu ambaye hakuwapo yalipotungwa.

Aghalabu jambo hili huachiwa wanasheria na watoza ushuru. Wapenzi wa ushairi hulipita kama wanavyolipita tangazo la dawa ya panya. Hata hivyo Kiswahili chenyewe kimeziweka shughuli hizi mbili chini ya neno moja: diwani ni mkusanyo wa mashairi, na diwani ni mjumbe wa halmashauri anayeinua mkono kupitisha sheria ndogo. Wote wawili hupanga maneno kwa kipimo, na wote wawili huamua lipi liingie na lipi liachwe. Si utovu wa adabu, basi, diwani wa kwanza akitumika kumhakiki diwani wa pili.

Mahali pa kufanyia uhakiki huo panaweza kuwa popote penye njia na ukuta. Segese panafaa kuliko pengi. Ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, upande wa njia itokayo Kahama kuelekea mgodi wa Bulyanhulu na mkoa wa Geita. Kwa msomaji wa Unguja au Pemba, hiyo ni bara ya ndani kabisa: nchi ya pamba, mpunga, ng'ombe na dhahabu, wakaazi wake wakiwa Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi, pamoja na watu wa kila mkoa waliovutwa na madini. Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, ilianza kutoa dhahabu kama mgodi mkubwa mwaka 2001. Halmashauri ya Msalala yenyewe ni changa. Ilipatikana Kahama ilipogawanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katika nchi kama hiyo, ambamo fedha nyingi hupita njiani na wanaoishi kandokando ya njia hukaa wakijiuliza ziendako, maneno ya ukutani huwa na uzito wake.

Karatasi moja ya kampeni ikibandikwa Segese huwa chini ya mabwana wanne kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya njia, na kilichomo ndani ya mita hizo ni cha wakala wa barabara kabla hakijawa cha mwenye ukuta. Wakala huyo naye ana uandishi wake, mfupi kuliko wote: alama ya X, kwa rangi nyekundu, kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa. X haimo katika alfabeti ya Kiswahili, lakini hakuna nyumba ya njiani ambamo haisomeki. Bwana wa pili ni halmashauri, iliyopewa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 uwezo wa kutunga sheria ndogo za ada na ushuru. Wa tatu ni Tume ya uchaguzi, yenye Maadili ya Uchaguzi yanayokataza kuchana na kuharibu mabango ya mwenzio, yanayofunga kampeni saa 12:00 jioni, na yanayoelekeza kampeni ziendeshwe kwa Kiswahili. Wa nne ni Waziri wa TAMISEMI, ambaye kanuni zake ndizo zilizoendesha uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa Novemba 27, 2024, wenye siku saba tu za kampeni.

Ukisoma sheria ndogo za namna hii kama nathari, na uziache kwa muda kama amri, sifa moja huonekana mapema. Zimejaa vitenzi. Mtu yeyote hataruhusiwa kuweka, mwombaji atajaza, atalipa, ataondoa, atakayekiuka atakuwa ametenda kosa. Kila kitenzi kina mtenda wake, kina wakati wake, na nyuma yake kuna faini. Ni lugha kavu, lakini mtu akiulizwa nani afanye nini na lini, jibu lipo. Upungufu wake uko kwingine: humjua bango kwa urefu na upana wake tu. Ada hupimwa kwa ukubwa wa eneo, kibali hutolewa kwa mahali, na maneno yaliyomo humo hayana habari nayo, ila pale yanapotukana. Mwaka 2017, Sheria ya Fedha ilipohamishia ukusanyaji wa ada za mabango kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ilionekana wazi jinsi dola inavyolitazama bango: ni kitu cha kutozwa, sawa na nyumba.

Sasa na yasomwe mabango yenyewe. Kaulimbiu za kampeni ni tungo fupi, na utungo mfupi hauna pa kujificha. Mwaka 2005 Chama Cha Mapinduzi kiliingia kwa "Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya". Zikihesabiwa mizani zake kama mshairi wa bahari ya tarbia anavyohesabu, ni nne, nne, na tano: jumla 13. Mapigo matatu, kila moja likifungwa kwa neno lilelile, na kina hicho cha kurudiwa ndicho kinachoushikilia utungo. Lakini "mpya" ni kivumishi kinachodai kitu cha kulinganishwa nacho. Ari mpya kuliko ipi? Chama kilikuwa madarakani, na ari kuukuu, kama ilikuwapo, ilikuwa ya chama hichohicho. Utungo ulimsifu mrithi kwa kumnyamazia mrithiwa, jambo ambalo mashairi ya sifa ya kale yaliyajua vilivyo.

"Maisha Bora kwa Kila Mtanzania", la mwaka huohuo, lina mizani 13 pia. "Haki Sawa kwa Wote" la Chama cha Wananchi, CUF, ambalo watu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa, lina mizani saba. "Uhuru, Haki na Maendeleo ya Watu" la CHADEMA la mwaka 2020 lina mizani 14. Tungo nne, vyama vitatu, itikadi tofauti. Na katika zote nne hakuna kitenzi hata kimoja.

Hili si jambo dogo katika lugha hii. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda na wakati. Mtu hawezi kusema "jenga" kwa ukamilifu bila ya kusema nani na lini: tumejenga, watajenga, hamkujenga. Nomino haina deni hilo. "Haki sawa" haijasema nani ataitoa. "Maisha bora" hayajasema yatafika lini. Mwenye kuandika kaulimbiu bila ya kitenzi amepata uzuri wa ufupi, na pamoja nao amepata nafuu ya kutodaiwa. Ndipo ubainikapo mgongano ambao makala za sheria haziuoni: ukuta mmoja wa Segese huweza kubeba amri ya halmashauri iliyojaa vitenzi vinavyomfunga mwananchi, na kando yake ahadi ya mgombea isiyo na kitenzi cha kumfunga yeye.

Mwaka 2015 ikaja tungo iliyobana kuliko zote, "Hapa Kazi Tu" ya John Magufuli. Mizani tano. Haifiki hata kipande kimoja cha mshororo wa kawaida, wenye mizani nane. Nguvu yake imo katika neno la kwanza. "Hapa" ni neno lisilo na maana mpaka lisimame mahali. Hulijaza yule anayelisoma, kwa ardhi aliyosimama juu yake. Likiwa ofisini kwa mtumishi wa umma, "hapa" lilikuwa onyo. Likiwa njiani Segese, katika nchi ambayo mchimbaji mdogo hushuka shimoni kwa kamba, likawa kitu kingine. Huyo hakuhitaji kuambiwa kwamba hapa ni kazi tu. Alichohitaji kujua ni kazi hiyo mali yake huishia wapi, na neno "tu" lilimfungia mlango wa swali. Tungo ileile, karatasi ileile, rangi zilezile: ukuta uliibadilisha maana. Halmashauri inapoamua bango likae wapi, basi, inaingia katika maana ya bango bila ya kujua, kwa sababu mahali ni sehemu ya maneno.

Tungo hiyo ilijibiwa. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo walikuja na "Kazi na Bata". Mizani tano, hesabu ileile. Neno "kazi" limeshikwa kutoka kwa mpinzani, na "tu" limeng'olewa mahali pake likapandwa "bata", neno la vijana la starehe na raha ya jasho la mtu. Anayeijua sanaa ya kujibizana huitambua mara moja: mjibu amechukua kipimo cha mwenziwe, akaacha neno moja, akageuza moja. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia Ikulu ikasikika "Kazi Iendelee". Hapa, hatimaye, kuna kitenzi. Lakini mtenda wake ni kazi yenyewe, si mtu. Na mwaka 2025 chama tawala kikaandika "Kazi na Utu, Tunasonga Mbele". Nusu ya kwanza ina mizani tano tena, na kina cha "tu" cha mwaka 2015 kimerudi kikiwa kimeongezwa irabu moja mbele, kikawa "utu". Nusu ya pili ina kitenzi chenye mtenda, "tu-", lakini wakati wake ni wa sasa: haijasema tulikwishafika wapi wala tutafika lini. Kwa miaka kumi, kuanzia 2015 hadi 2025, vyama viwili vimekuwa vikilumbana juu ya neno moja, kazi, kila mmoja akiongeza au akipunguza silabi.

Mnyororo huu ndio hoja kuu ya makala haya. "Kazi na Bata" haina utamu wowote kwa asiyeijua "Hapa Kazi Tu". Iondolewe ya kwanza ukutani, ya pili itakuwa upuuzi; izuiwe ya pili, ya kwanza itabaki amri isiyoulizwa. Bango ni kauli inayongoja jibu, na jibu ndilo linalolipatia kitenzi kinachokosekana: nani? lini? kwa fedha zipi? Kwa hiyo kanuni ya mabango haipasi kupimwa kwanza kwa ada wala kwa unadhifu wa mji. Ipimwe kwa swali hili: je, imeacha nafasi ya jibu?

Watu wa mwambao wanaijua kanuni hiyo bila ya kusomeshwa. Kanga huandikwa jina, na jina la kanga ni bango linalotembea. Jirani akipita amejifunga fumbo, jirani mwenziwe haendi mahakamani. Huenda dukani akatafuta kanga ya kumjibu. Vyama vililifahamu hilo mapema, na kanga za kampeni zikagawiwa kutoka pwani hadi Ziwa, pamoja na fulana na kofia. Kwa muda sheria iliziita zawadi za namna hiyo takrima, hadi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba vifungu vilivyoruhusu takrima vinakiuka Katiba. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kilichokuwa kimeharibika katika kanga ya takrima si rangi wala maandishi. Kanga ya dukani huchaguliwa na mvaaji, naye hulijua jina analolitaka. Kanga ya kampeni ilimchagua yeye, ikamnyima fumbo lake mwenyewe.

Wenyeji wa Segese nao wana shule yao. Katika Usukuma ngoma hushindaniwa na makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo simulizi huyahusisha na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi hucheza siku moja, katika uwanja mmoja au viwanja vinavyotazamana, na mshindi ni yule anayevuta umati upande wake. Manju hutunga wimbo akijua kwamba hatua chache kando yake yupo manju mwingine anayemsikiliza ili amvunje. Sharti la mchezo ni kwamba kila upande uwe na uwanja. Kundi linalocheza peke yake haliwezi kusemwa limeshinda, hata likicheza vizuri namna gani, na mtazamaji wa Kisukuma hahitaji wakili kulieleza hilo.

Historia ya uchaguzi ya nchi yenyewe iliwahi kulikubali sharti hilo, japo kwa nusu. Katika uchaguzi wa ubunge wa chama kimoja, tangu 1965, wagombea wawili wa jimbo hawakuachiwa kila mmoja aende na bango lake. Chama kiliwapa alama, mmoja jembe na mwenziwe nyumba, kikawapanda jukwaa moja, mbele ya watu walewale, kwa lugha ya Kiswahili. Ulikuwa udhibiti mkali. Hoja nyingi zilikatazwa kabla hazijasemwa. Lakini jembe lisingesimama pasipo na nyumba, na mgombea hodari aliweza kuifanya alama aliyopewa kuwa hoja. Kwa nafasi ya urais mambo yalikuwa tofauti. Upande mmoja wa karatasi palikuwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Upande wa pili, mahali pa hapana, palikuwa na kivuli cheusi. Mpiga kura aliachiwa nafasi ya jibu, ila jibu hilo halikuwa na uso wala jina.

Yupo atakayesema kwamba kuacha nafasi ya jibu ni kufungua mlango wa matusi. Hoja hiyo ina mashiko, na Zanzibar inayo mifano yake. Ubao wa Maskani ya Kisonge, pale Michenzani, ulijulikana miaka mingi kwa maandishi ya kisiasa yaliyowachoma wapinzani. Na Januari 12, 2016, katika sherehe za Mapinduzi, lilibebwa bango lenye maneno ya ubaguzi wa asili za watu, hadi chama kilichohusika kikalazimika kuomba radhi. Bango la aina hiyo lazima likatazwe, na kigezo kilekile cha jibu ndicho kinacholikataza. Anayeambiwa kwamba nchi si yake kwa sababu ya damu yake hakuulizwa swali awezalo kulijibu. Ametolewa katika uwanja. Mshairi akimwambia mwenziwe kwamba hoja yake ni mbovu, amelumbana. Akimwambia kwamba hana haki ya kutunga, malumbano yamekwisha. Sheria inaweza kuutambua mpaka huo bila ya kuwa hakimu wa kila kejeli.

Dunia nayo imehangaika na suala hili. Mji wa Gilbert, Arizona, nchini Marekani, ulikuwa na kanuni iliyogawa mabango kwa maudhui yake: bango la itikadi liliruhusiwa kufika futi za mraba 20, bango la siasa katika eneo la makaazi futi 16, na la kuelekeza watu kwenye shughuli kama ibada futi sita tu. Kanisa dogo lisilokuwa na jengo lake likashitaki, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ikaibatilisha kanuni hiyo: mji hauwezi kuyapa maneno ukubwa tofauti kwa kuyasoma yanasema nini. Hapo uhuru ulilindwa, ila mwenye kuta nyingi alibaki na kuta nyingi. Ufaransa imeshika njia nyingine. Kila uchaguzi unapofika, serikali ya mtaa husimamisha mbao za pamoja, na kila mgombea hupewa eneo lililo sawa na la mwenziwe, awe tajiri au fukara. Japani hufanya vivyo hivyo kwa mbao zenye visanduku vya namba. Wala njia hii si salama kabisa: katika uchaguzi wa gavana wa Tokyo mwaka 2024, wagombea walifika 56, na chama kimoja kiliwaachia wafadhili wake visanduku vyake, hata vikabandikwa picha zisizohusu uchaguzi. Ubao wa haki huhitaji pia watu wa kuuheshimu.

Kati ya njia hizo mbili, ya mbao za pamoja ndiyo iliyo karibu zaidi na uwanja wa Bagika na Bagalu, na ndiyo inayoifaa kata kama Segese. Ada inayopimwa kwa eneo humtoza kila mtu kiwango kimoja, na kwa hiyo huonekana ya haki. Lakini chama kikubwa huilipa kwa kitambaa kipana cha barabarani, na mgombea udiwani wa chama kidogo hubaki na karatasi chache za kurudufu ambazo mvua ya kwanza ya Novemba huziosha. Usawa wa ada haukuleta usawa wa sauti. Ubao wa mbao na bati, uliopigwa mistari mbele ya ofisi ya kata, mafungu yakigawiwa kwa kura, hauzidi gharama ya madawati machache ya shule.

Hata hivyo ubao huo nao ungekuwa mapambo matupu kama nani awe na fungu ameshaamuliwa kwingine. Hapa ndipo mwaka 2025 unapoingia katika uhakiki huu, upende usipende. Aprili 12, 2025 Maadili ya Uchaguzi yalitiwa saini Dodoma. CHADEMA, kilichokuwa kikidai mageuzi kabla ya uchaguzi, hakikusaini, na Tume ikatamka kwamba asiyesaini hatashiriki. Kwa hiyo waraka uleule unaokataza kuchana bango la mpinzani ndio uliosimama kuwa sababu ya mpinzani kutokuwa na bango la kuchanwa. Wagombea wa urais walikuwa 17 kwa hesabu, na kuta za nchi zilisomeka kana kwamba ni mmoja. Oktoba 29 na siku zilizofuata yakatokea machafuko, watu wengi wakapoteza maisha, na katika miji kadhaa mabango ya kampeni yakachanwa na kuchomwa moto. Kuchana bango ni kosa, na maisha ya watu hayalinganishwi na karatasi. Mhakiki lakini hawezi kuupita mkono unaochana bila ya kuusoma. Huo ni usomaji wa mtu asiyeachiwa nafasi ya kuandika. Ukuta ulipokuwa na "Hapa Kazi Tu" na, baadaye, "Kazi na Bata", mwenye hasira alikuwa na tungo ya kusimama upande wake.

Limebaki jambo moja ambalo desturi ya usafi wa miji hulitenda bila ya kulifikiri. Uchaguzi ukimalizika, vyama hutakiwa viondoe mabango yao, kuta zipakwe chokaa, njia ipendeze. Nia ni njema. Lakini tazama saa inayochaguliwa: ahadi hufutwa siku ileile inapoanza kudaiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, hukaa mbele ya ukuta uliokwisha kusafishwa. Watu wa ukanda wa dhahabu wana sababu ya pekee ya kulihofia hilo. Kabla ya mwaka 2014, mikataba ya migodi mikubwa ya ukanda huo iliwezesha kampuni kuzilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia 0.3 ya mauzo iliyokuwamo katika sheria ya ushuru wa huduma. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mipango ya kampuni ya kuwajibika kwa jamii hupaswa kukubaliwa na halmashauri. Hizo ni fedha za madarasa, visima na zahanati. Diwani aliyechaguliwa kwa nomino tatu nzuri ndiye anayekaa kuzigawa, na wapiga kura wake hawana tena maandishi ya kumsomea.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa methali hiyo wengi hulidharau bango lolote. Methali hiyo ni ya soko, ambamo mnunuzi huishika bidhaa kwa mkono kabla ya kulipa. Uchaguzini mtu hulipa kwanza, na bidhaa huiona miaka mitano baadaye. Ndiyo maana lile bango linalojitembeza lina haki ya kuishi, na ndiyo maana nakala yake moja ilistahili kubaki ubaoni mbele ya ofisi ya kata, katika fungu lake lililo sawa na la waliomshindania, mapato na matumizi ya kila robo mwaka yakibandikwa chini yake. Mwanamke anayepita hapo akirudi gulioni Segese, akaisoma "Kazi na Utu" juu na tarakimu chini, hatahitaji kufundishwa sarufi. Kitenzi kilichokosekana atakitia mwenyewe, kwa nafsi na wakati unaostahili: mlifanya, au hamkufanya.